Posa ya Mtera, Toleo la Mwisho Kabisa

Wajukuu zangu, na nyinyi wengine mnaonisoma ingawa hatujuani, nasikia mnalalamika kwamba simu zenu zinawaletea video ileile mara kwa mara. Poleni sana. Mimi filamu moja niliinunua tena na tena mpaka marehemu mume wangu akaniuliza kama nimelogwa. Waigizaji walewale, mtumbwi uleule, kiatu cha bwana harusi kilekile kilichoachia soli. Kilichobadilika ni kava tu. Na kila kava lilipobadilika, Dodoma nzima ilikuja dukani kwangu kuuliza, "Mama Kanda, ile mpya imefika?"

Jina langu ni Mwanaidi, lakini hilo waliniita mama yangu na karani wa uchaguzi tu. Wengine wote waliniita Mama Kanda, kwa sababu nilikodisha kanda za video pale mtaa wa Kikuyu kwa miaka mingi ya ujana wangu na yote ya utu uzima wangu. Ukoo wetu ni wa wafanyabiashara. Babu wa babu yangu alifika na misafara, akaona Wagogo ni watu wa kuishi nao, akabaki akiuza kaniki na shanga. Nilipomwambia baba kwamba nataka kufungua duka la kanda, alivua kofia akaikung'uta.

"Babu zako waliuza kitu mteja akaondoka nacho," alisema. "Wewe unataka kuuza kitu mteja akurudishie kesho. Hiyo ni biashara au amana?"

Nilimwambia ni biashara ya amana. Akacheka, akanipa meza yake ya zamani, na meza hiyo ninayo mpaka leo, naandikia juu yake.

Zilikuwa enzi za ruksa. Vitu tulivyokuwa tukivisikia kwa waliosafiri vikaanza kuingia madukani: sabuni zenye harufu, viatu vya kuwaka taa, na deki za video. Nyumba yenye deki ilijulikana mtaa mzima. Waliifunika kwa kitambaa kilichodariziwa maua, wakaiweka juu ya kabati mbali na watoto, na mgeni akija kitambaa kikafunuliwa kwa heshima kama wanamfunua bibi harusi. Lakini deki bila kanda ni sanduku tu. Hapo ndipo nilipoingia mimi.

Kazi yenyewe nilifundishwa na fundi Ndahani, aliyekuwa akitengeneza redio jirani na duka langu. Alikuwa mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa waya. Wiki ya kwanza deki yangu ilianza kuonyesha watu waliopinda kama ndizi, nami nikaona nijifanye fundi, nikaisafisha hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, kwa mafuta ya taa. Picha ikapotea kabisa. Nilimpelekea Ndahani nikiwa nimeibeba kifuani.

Alifungua, akanusa, akanitazama.

"Dada, ulikuwa unataka kuisafisha au kuipikia?"

Akanionyesha. Hedi husafishwa kwa spiriti na ngozi laini, si pamba, kwa sababu pamba huacha nyuzi. Unapeleka mkono kwa upande, hupandishi wala kushusha. Kanda husimamishwa kama kitabu, hailazwi kama mgonjwa, ukiilaza utepe unashuka upande mmoja. Na kiangazi, upepo wa Dodoma unapoanza kuleta lile vumbi jekundu linaloingia hata ndani ya yai, kanda haitoki kwenye boksi lake mpaka mkono wa mteja uwe tayari kuipokea. Nilizishika kanuni hizo kuliko nilivyozishika za shule.

Kanuni moja ilihusu jino. Nyuma ya kila kanda kulikuwa na kijino kidogo cha plastiki. Kikiwepo, deki inakubali kurekodi. Ukikivunja, deki inagoma, na kilichomo ndani kiko salama. Lakini watu ni wajanja: ukitaka kurekodi tena juu ya kanda iliyovunjwa jino, unabandika selotepu pale penye pengo, na deki inadanganyika. Kwa hiyo mimi kanda ngeni ikiingia dukani naitazama mgongoni kwanza, kama mnunuzi wa punda anavyotazama meno. Ikiwa na selotepu, najua imewahi kuwa na maisha mengine.

Kanuni yangu mwenyewe niliiandika kwa rangi nyekundu ukutani: RUDISHA KANDA MWANZO. ASIYERUDISHA ATARUDISHIWA. Maana yake, ukiniletea kanda ambayo hujaizungusha mpaka mwanzo, nakurudishia uende nayo nyumbani ukaizungushe. Deki ilichoka zaidi kwa kuzungusha kuliko kuonyesha, nami sikutaka yangu ichoke kwa uvivu wa watu. Wateja walinuna, kisha wakazoea. Walizoea mno, hata majina ya waigizaji yalipoanza tu kupanda kwenye kioo, mtu alikuwa ameshafika kwenye deki, kidole tayari. Likumbukeni hilo, litatufaa mbele.

Sasa nimlete Bwana Sudi, msambazaji.

Bwana Sudi alikuja kutoka Dar kila baada ya muda na begi kubwa la kanda na manukato yaliyomtangulia mlangoni. Mchangamfu, mwenye adabu, mwongo wa kupendeza. Hakuwahi kuniuzia kitu bila kuniuliza hali ya wanangu kwa majina yao. Yeye ndiye aliyetuletea *Posa ya Mtera*.

Filamu hiyo ilipigwa hapahapa kwetu. Kijana mvuvi wa bwawa la Mtera anampenda binti wa mfugaji, baba wa binti hataki mahari ya samaki, anataka ng'ombe. Ndiyo hadithi yote. Picha ilitikisika na upepo ulivuma ndani ya maneno, lakini watu waliipenda kupita kiasi, kwa sababu waliona vilima wanavyovijua na mbuzi wanaofanana na wa kwao. Mwishoni, binti anapotolewa nje kuolewa, kina mama wa Kigogo wanapiga muheme, zile ngoma wanawake wanazibana kwa mapaja na kuzipiga kwa mikono. Nimeona watu wazima wakiinuka kwenye makochi yao na kucheza wakifika hapo. Niliweka nakala kadhaa na zote hazikukaa rafuni.

Haukupita muda Bwana Sudi akarudi. "Dada'ngu, nimekuletea Toleo Maalumu."

"La nini?"

"La *Posa ya Mtera*. Limeongezwa vitu."

Vilivyoongezwa ni mwongozaji mwenyewe, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, akieleza jinsi alivyoteseka na jua. Vilivyopunguzwa hawakuvitaja. Mbuzi walipungua. Na pale kwenye harusi, sijui nani aliwashauri kwamba ngoma ni ushamba, wakaondoa sauti ya muheme wakaweka kinanda. Kina mama wale wale wanapiga ngoma, mikono inapanda na kushuka, kinatoka kinanda. Na harusi yenyewe wakaikata fupi.

Mteja mmoja alinirudishia akiwa amekunja uso. "Mama Kanda, wale kina mama wamemeza kinanda?"

Tukacheka, tukafikiri yamekwisha. Likaja Toleo Kamili, ambalo halikuwa na kikao cha mahari. Likaja Toleo la Dhahabu, kava la njano, ndani yale yale pamoja na tangazo la Bwana Sudi akiwahimiza watu wasubiri toleo lijalo. Nililalamika, nikasema huku ni kuuziana mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi niliyemfuga mwenyewe. Yeye akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini mteja akiona kava jipya kwa jirani, kwako haingii. Biashara haigombi. Nilinunua.

Na utaratibu wetu ulikuwa kanda kwa kanda. Ukitaka toleo jipya kwa nafuu, unampa Bwana Sudi kanda yoyote ya zamani, yeye anaibandika selotepu na kuirekodi upya, kwa sababu kanda tupu zilikuwa ghali. Wenye maduka wote mjini tulifanya hivyo. Toleo la kwanza la *Posa ya Mtera* likaondoka Dodoma namna hiyo, kidogo kidogo, ndani ya begi la manukato, na hakuna aliyelilia. Tulijua basi?

Kabla sijafika kwa Bibi Damari niwaambie kuhusu katekista, maana bila yeye hadithi hii ingekufa. Katekista wa jirani zetu alikuwa mtu wa Mungu mwenye udhaifu mmoja tu, filamu za kupigana. Siku moja aliazima moja, akalala kwenye kiti kabla haijaisha. Kesho yake alinirudishia uso unang'aa.

"Mama Kanda," alisema, "filamu yako mwanzoni ina dhambi tupu, lakini mwishoni imeokoka."

"Imeokokaje?"

"Nimeamka nakuta kwaya inaimba."

Nilidhani ameota. Fundi Ndahani, aliyekuwa amekaa kibarazani, hakuinua hata uso kutoka kwenye redio yake. "Hakuota," alisema. "Deki inafuta pale inapopita. Kipya kikiwa kifupi kuliko cha zamani, mkia wa cha zamani unabaki. Ila nyie hamfiki huko, mnawahi kurudisha." Nikacheka, nikaenda zangu. Jambo lenyewe sikulitia moyoni.

Bibi Damari alikuja mwaka ule wa mgao mkali, maji ya Mtera yaliposhuka na umeme ukawa unakuja alasiri tu. Alitoka Miyuji, kando ya mji, kwa miguu na mjukuu wake Nyemo, msichana mrefu mwenye aibu. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, akanisalimu na yeye kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akakaa kwenye benchi, akavua viatu. Vidole vyake vilikuwa vimevimba viungoni.

"Mwanangu, wewe ndiye una kanda za Mtera?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Nimeiona kwa mwanangu, ile ya njano. Nimejiona. Nikasema, mikono ni yangu. Sauti ni ya nani?"

Nilitaka kucheka, nikaona macho yake, nikaacha. Kumbe alikuwa mmoja wa wale kina mama. Na yule wa katikati, mwenye ushanga mweupe kichwani, alikuwa dada yake, Foibe.

Alinieleza polepole, nami nawaeleza kama alivyonieleza. Ngoma yao ina anayeita na wanaoitikia. Foibe aliita, Damari na wenzake waliitikia, tangu usichana wao. Na Foibe alikuwa na mwito wake mmoja wa kumtolea bibi harusi nje, hakuna kikundi kingine kilichokuwa nao. Hakumfundisha mtu, kwa sababu alikuwepo. Kisha kiangazi kilichopita aliugua kidogo, akafa. Sasa mjukuu wa Foibe anaolewa Jumamosi.

"Si upige unavyoukumbuka, bibi?"

"Mimi ni mwitikiaji. Nikisikia mwito, mkono unajua wenyewe. Nisiposikia, sina kitu." Akamwelekea Nyemo. "Huyu ana mkono. Foibe alimsifu. Lakini hajui apige nini."

"Hakuna mwito mwingine?"

"Iko mingi. Hata honi ya gari inaweza kumtoa bibi harusi nje." Akajifuta uso kwa kanga. "Foibe alisema mjukuu wake hatatoka kwa kinanda. Alisema mbele yangu. Mwanangu, naitaka ile ya kwanza, yenye sauti yetu."

Nilisema nitaipata, kwa sababu ilikuwa vigumu kusema vingine. Nilizunguka mjini kote. Kila duka lilinitolea la Dhahabu. Mwenye duka mmoja aliniuliza, "La kwanza la nini, Mama Kanda? Picha inatikisika ile!" Wengine waliona nina mzaha. Nilirudi nimechoka, miguu imejaa vumbi, nikakaa kibarazani kwa fundi Ndahani nikamweleza. Nilikuwa na uchungu kweli. Kitu kilipita mikononi mwangu mara ngapi, tukakipigia makofi, na sasa mama wa watu anakitaka nami nina makava tu.

Ndahani aliipuliza redio yake vumbi. "Katekista hajambo?" akauliza.

Nilikaa kidogo nikijiuliza katekista anahusikaje. Kisha nikainuka mbio hata kiatu kimoja kikabaki.

Nilizitoa kanda zote za *Posa ya Mtera*, Maalumu, Kamili, Dhahabu, nikazigeuza migongo. Zisizo na selotepu nikazirudisha rafuni. Zenye selotepu nikazipanga juu ya meza ya baba. Zilikuwa zimewahi kuwa na maisha mengine, na Bwana Sudi alikuwa ameziokota mjini kwetu. Nikatuma ujumbe Miyuji.

Alasiri ya kesho yake umeme ulipokuja, Bibi Damari na Nyemo walikuwa wameshakaa. Tuliweka ya kwanza, tukaipeleka mbele hadi majina yanapanda. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe kutaka kurudisha, nikaukalia. Majina yakaisha. Likaja tangazo la Bwana Sudi. Zikaja chenga, nyeupe na nyeusi, zinakwaruza masikio. Kisha wanaume wawili wenye chupi za kubana wakaanza kupigana mieleka.

Bibi Damari aliwatazama kwa makini. "Hawa nao wanaoa?" akauliza.

Ya pili ilitoa harusi kweli, lakini ya watu wa pwani, wote wamenuna kwa joto. Nikaweka ya tatu. Chenga zilikuwa ndefu. Nilianza kutunga moyoni maneno ya kumwomba radhi. Nyemo alikuwa akitazama chini. Ndipo, kabla ya picha, ikaja sauti. Nzito, kavu, kama mtu anagonga mlango wa nyumba ya tope. Picha ikazunguka mara mbili ikatulia, na Foibe alikuwa pale katikati, ushanga mweupe kichwani, ngoma mapajani, vumbi linapanda miguuni mwake.

Sisi wanadamu tuna vitu vya ajabu. Mimi niliyeiona harusi ile mara nyingi nikiwa nakunja kanga au nahesabu makava, siku hiyo nililia. Bibi Damari hakulia. Aliivuta ndoo yangu ya plastiki ya kunyunyizia sakafu maji, akaigeuza, akaibana kwa mapaja, na kwa vile vidole vyake vilivyovimba akaitikia. Foibe anaita kwenye kioo, Damari anaitikia kwenye ndoo. Hakukosea hata mahali pamoja. Fundi Ndahani alisimama mlangoni miwani mkononi.

Ilipoisha, Bibi Damari akakiambia kioo, "Pale katikati umejikwaa, Foibe."

Ni kweli. Bibi harusi anapokanyaga nje, mwito unayumba, mkono mmoja unachelewa, kisha unashika njia. "Mpiga picha alimwambia asogee kushoto," Bibi akatueleza. "Alikasirika sana. Alitaka warudie. Wakasema jua linazama."

Siku zilizofuata nilivunja kanuni zangu zote. Nilikizungusha kile kipande mbele na nyuma, mbele na nyuma, Nyemo akipiga ngoma halisi waliyoileta kutoka Miyuji, mpaka deki ikapata joto nikawa naipepea kwa kava la Toleo la Dhahabu. Ndiyo kazi pekee ya maana ambayo kava lile liliwahi kufanya. Wateja walisimama mlangoni, wengine wakaahirisha kukodi, wakabaki kusikiliza.

Ijumaa, katikati ya kelele hizo, manukato yakaingia, na nyuma yake Bwana Sudi. Akatusalimu wote, akamwamkia Bibi Damari kwa adabu, akaniuliza hali ya wanangu mmoja mmoja. Kisha akafungua begi.

"Dada'ngu, hili sasa ndilo. Toleo la Mwisho Kabisa."

"La Dhahabu halikuwa la mwisho?"

"Lilikuwa la mwisho. Hili ni la mwisho kabisa." Akaiona kanda iliyokuwa ndani ya deki. "Nipe hiyo, tubadilishane. Hiyo imeshachakaa, picha inatikisika."

"Acha itikisike, Bwana Sudi."

Niliitoa, mbele yake nikabandua selotepu mgongoni, nikaikunja nikampa, kanda nikairudisha ndani ya deki. Aliitazama selotepu ile, akamtazama bibi aliyebana ndoo mapajani, akakitazama kioo. Akamtambua bibi, maana naye aliiuza sura ile miaka yote. Hakuna aliyemkaripia. Akasogeza begi lake pembeni, akakaa kwenye benchi. "Naomba nisikie," akasema. Alisikiliza mpaka umeme ulipokatika. Kisha aliniuzia lile la Mwisho Kabisa, nami nikalinunua, kwa sababu Jumatatu wateja wangeliulizia.

Jumamosi nilikwenda Miyuji na kanga mpya. Kina mama walikaa mstari, Nyemo katikati na ushanga mweupe wa Foibe kichwani. Mlango ukafunguliwa. Nyemo akaita, na mwito ulikuwa ule ule, mzito, mkavu. Bibi harusi akainua mguu kukanyaga nje, na mkono wa Nyemo ukajikwaa. Palepale. Alijifunza mwito pamoja na kujikwaa kwake, hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba lilikuwa kosa. Nilimwona Bibi Damari akigeuka kumtazama, mdomo wazi, na nikajua anataka kumrekebisha. Kisha akafumba mdomo, akaitikia pale pale penye kujikwaa, kama alivyokuwa akiitikia Mtera. Vigelegele vikafunika kila kitu.

Baadaye, tukila, nilimuuliza kwa nini hakumwambia.

"Nilitaka," alisema, akichota mlenda kwa tonge. "Halafu nikamsikia dada yangu. Sasa nimrekebishe nani?"

Kanda zilikwisha, wajukuu zangu. Zikaja sidii, na *Posa ya Mtera* ikatolewa kwenye sidii, kisha ikabanwa na filamu nyingine kumi kwenye dividii moja, kisha ikawekwa kwenye flashi, na kila mara kinanda kikawa kile kile. Bwana Sudi sasa ni mzee kama mimi, tukionana tunataniana. Ile kanda yangu niliitunza imesimama, ndani ya boksi, lakini ukungu hauna heshima, siku moja niliiweka ikatoa chenga mwanzo hadi mwisho. Nilikaa nikazitazama chenga zile mpaka utepe ukaisha. Sikuumia sana.

Maana Nyemo aliwafundisha wenzake, na hao wakawafundisha wadogo zao. Bado naalikwa harusi Miyuji, ingawa siku hizi napelekwa kwa gari na kukalishwa kwenye kiti cha mto kama mgeni rasmi. Mlango unafunguliwa, bibi harusi anainua mguu, na ngoma zote kwa pamoja zinajikwaa kidogo, kisha zinashika njia. Vijana wanadhani ndivyo muheme ulivyo tangu enzi na enzi. Mimi nacheka peke yangu, nainamisha kichwa, naitikia kwa vidole juu ya mkono wa kiti. Hilo ni toleo la kwanza.